Imetoka, au amekufa?

Ngamiani, Tanga

Mwandani wangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale ulipoandika, "Mungu amlaze mahali pema." Huku hakuna aliyeniambia hivyo. Bibi alisema, "Mimba imetoka mwanangu, pole." Majirani nao: imetoka. Kwenye kadi ya kliniki: imeharibika. Wewe peke yako ndiye uliyemtaja kama mtu.

Zilikuwa wiki 11 tu. Bibi hakukosea. Ustadhi alinisomea tena hadithi ya Mtume iliyopokewa na Ibn Mas'ud: siku 40 tone, siku 40 pande la damu, siku 40 pande la nyama, ndipo malaika hutumwa kupuliza roho. Siku 120 jumla. Kwenu Wakatoliki mtu ni mtu tangu mimba inapotungwa. Lakini si wewe uliyenieleza kwamba zamani hata Kanisa, ingawa siku zote lilihesabu kutoa mimba kuwa dhambi, lilitofautisha adhabu kabla na baada ya roho kuingia? Papa Pius IX aliifuta tofauti hiyo mwaka 1869, mwaka mmoja tu baada ya mapadri kuanzisha misheni yenu hapo Bagamoyo. Basi hata wenye elimu walihangaika na swali hili kabla yangu.

Mimi naiamini siku ya 120. Nakwambia wazi, kwa sababu sitaki udhani nimeyumba. Ila roho ni jambo moja, uhai ni jambo jingine. Wiki ya nane nilipopigwa picha ya tumbo nilikiona kitone kinapwitapwita, nesi akasema, "Huo ndio moyo." Hapo sikuuliza kama roho imeshafika. Nililia kwa furaha. Kilikuwa hai, na kilikuwa cha binadamu. Ndiyo maana wodini aliponiambia mtu kwamba "uchafu umeshasafishwa," niligeukia ukutani nisimjibu vibaya. Hilo neno bado linaniuma kuliko tumbo lilivyoniuma.

Tulikifunga kitambaa cheupe, tukazika nyuma ya nyumba chini ya mlangilangi. Ustadhi alisema sala ya maiti hapana, ila kuzika ni vyema. Mume wangu alichimba mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu, wala hakusema neno mchana kutwa. Usiku, taa imeshazimwa, akaniuliza, "Unadhani angefanana na nani?"

Angefanana. Naye kumbe alikuwa akimwita hivyo moyoni, wiki zote hizo.

Mshumaa uliomwashia siukatai, mwenzangu. Nikishapata nguvu nitapanda basi pale Kange nije. Unipeleke hapo ulipouwashia, tukae kidogo.

Mimi wako wa siku zote