Risala ya Wanachama wa Klabu ya Kupanda Milima, Morogoro, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa klabu, walezi wetu, wawakilishi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wenyeviti wa mitaa ya jirani, wazee wetu mlioshuka kutoka milimani tangu alfajiri, mabibi na mabwana: wakubwa shikamooni, wenzetu habari za asubuhi.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na kwa namna ya pekee tunamshukuru kwa jua la leo, kwani mara ya mwisho tulipokusanyika wengi kiasi hiki tulikuwa tumelowa. Pili, tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mazito uliyonayo. Tumedokezwa kuwa saa tano unatakiwa kwingine. Kwa sababu hiyo historia tutaikimbiza.

Klabu yetu ilianzishwa na watu 9 waliokuwa wamechoka kuitazama milima ya Uluguru kupitia madirisha ya daladala. Ina katiba, ina akaunti ya benki, ina mhuri. Historia ndiyo hiyo.

Katika kipindi hiki, klabu imepata mafanikio makubwa sana. Wanachama wameongezeka kutoka 9 hadi 31, sawa na ongezeko la zaidi ya asilimia 240. Tumekipanda kilele cha Lupanga, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, mara 14, na kati ya hizo tumefika juu mara 6. Tumeshiriki kikamilifu katika utunzaji wa mazingira, ambapo tulishusha chupa za plastiki magunia matatu kutoka njia ya Morningside. Moja lilipasuka njiani likajazwa upya, ndiyo maana katika taarifa ya mwaka yanasomeka manne. Tumeimarisha uhusiano wa kimataifa: Wajerumani wawili waliopotea juu ya Morningside walionyeshwa njia na vijana wetu, na mpaka leo hututumia salamu za Krismasi. Ikumbukwe kwamba ile nyumba ya Morningside ilijengwa na Wajerumani zama za ukoloni wao, kwa hiyo tunaweza kusema tuliwapokea wageni waliokuja kwa babu zao. Aidha, tumevuka mipaka ya mkoa kwa ziara ya mafunzo Lushoto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, penye mafanikio hapakosi changamoto. Za kwetu ni nyingi, ila Kamati Tendaji iliazimia tusome moja tu. Uzoefu umetufundisha kwamba tukisoma saba, mgeni huichagua ile isiyo na gharama. Mwaka mmoja tulisoma saba, tukajibiwa ile ya "ushirikiano na vijana", na ushirikiano huo tunao mpaka leo, hauna tatizo lolote.

Changamoto yetu ni mahema.

Kwa ruhusa yako, tungependa kueleza yaliyotupata sikukuu ya Pasaka iliyopita, kwa sababu neno "mahema" limesomwa mbele ya meza hii kuu miaka mitatu mfululizo na tunahofia limeshazoeleka masikioni.

Huenda mtu akauliza kwa nini tupande mlima wakati wa masika. Wanachama wetu ni walimu, wauguzi, mafundi na wauza maduka. Siku nne za mapumziko mfululizo hawazipati ila Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, na Pasaka huangukia masika. Kalenda hatukuitunga sisi. Na mvua ya Uluguru si ya kubahatisha: milima hii ni miongoni mwa kuta za kwanza kupokea upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Maji hayo ndiyo yanayoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Yeyote aliyetokea Dar leo asubuhi huenda ameoga maji yaliyotupitia sisi shingoni.

Tulipanda watu 27, tukiwa na kibali cha kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia na muongoza njia mwenyeji. Tulikuwa na mahema 4. La kwanza na la pili tulinunua mtumbani; moja lina zipu inayofunga mpaka katikati, juu yake tunabana kwa vibanio vya kuanikia nguo. La tatu ni la mlezi wetu, tunamshukuru, ni la watu wawili. La nne lilishonwa na fundi cherehani wa hapa mjini kwa turubai la lori. Halivuji hata tone, ila lina uzito wa mtoto wa miaka minane, na ukilala ndani unaamka na harufu ya dizeli.

Mvua ilianza Jumamosi saa mbili usiku, tulipokuwa tunageuza ugali. Mpishi aliumalizia chini ya mwavuli, akiwa ameushikilia kwa kidevu. Nikiwa Katibu, nilitumia saa nzima kupaka nta ya mshumaa kwenye mishono ya hema la mtumba, kazi niliyofundishwa na marehemu babu yangu kwa ajili ya viatu. Ilisaidia mpaka saa nne. Baada ya hapo maji hayakupitia juu tena, yalipitia chini. Vijana walichimba mfereji kuzunguka hema kwa mfuniko wa sufuria, lakini ule udongo mwekundu ukishalowa haushiki. Mfereji uliporomoka, vigingi vikang'oka, na upande mzima wa hema ukawaangukia waliolala kama shuka iliyotolewa kwenye beseni.

Saa nane usiku watu 27 tulikuwa ndani ya mahema mawili. Tulikaa, kulala kulikuwa hakuwezekani. Ndipo mwenzetu mmoja, binti wa miaka 19 aliyekuja na suruali ya jinzi na sweta la pamba, akaanza kutetemeka. Tulimpa blanketi lililokuwa na nafuu. Baadaye akaacha kutetemeka, na wengine wakafurahi wakidhani kapata joto. Muuguzi wetu hakufurahi. Alimuuliza jina la mama yake, binti akajibu kama aliye kwenye daladala, "Basi nishusheni hapo Msamvu."

Mheshimiwa, anayetetemeka mwili wake bado unapigana na baridi. Akiacha kutetemeka hali nguo bado mbichi, na maneno yakaanza kupotea, hapo hakuna kusubiri kuche. Tulimvua nguo zilizolowa, akina dada wakamkumbatia kwa zamu, halafu vijana wanne wakamshusha mgongoni gizani mpaka nyumba ya kwanza yenye moshi. Bibi mwenye nyumba alitufungulia bila kuuliza sisi ni nani. Aliwasha kuni, akabandika uji, akamlaza binti kitandani kwake na kumfunika kwa kila khanga aliyokuwa nayo. Alipohakikisha mtoto anapepesa macho vizuri ndipo akatugeukia: "Nyie watu wa mjini, kwani nyumba zenu zimeungua?"

Bibi huyo yupo hapa leo, amekaa safu ya pili. Swali lake tunaliwasilisha kama lilivyo.

Binti naye yupo, ndiye aliyekuvisha shada. Jumapili wanachama 12 waliendelea hadi Bondwa, ili safari isiandikwe kuwa ilishindikana. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kilele walikitambua kwa kugusa uzio wa minara ya mawasiliano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utuvumilie kidogo. Mwaka juzi, katika uwanja huu huu, mgeni rasmi wa wakati huo alitamka mahema 15. Alitamka kwa kipaza sauti, tukampigia makofi ya kilo. Mwaka jana mgeni mwingine alitufahamisha kwamba mahema yale yapo, yako bandarini. Tulifurahi sana. Lakini kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka hapa hazifiki kilomita 200, na tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme inayozimaliza chini ya saa mbili. Wanachama wetu walijitolea kwenda kuyabeba kichwani. Tuliandika barua tatu za kuomba namba ya kontena. Majibu tunayasubiri kwa heshima ileile.

Pia tusingependa kuonekana hatuna shukrani. Ni kweli kwamba miezi kadhaa baada ya barua ya tatu ilifika Fuso ikiwa na mzigo wetu. Ulikuwa turubai moja kubwa la msibani, lile lenye nguzo za chuma na lisilo na kuta. Tulisaini kulipokea. Tangu hapo limehudumia misiba sita ya mtaa huu na harusi moja, na ndilo linalokukinga jua wewe na meza kuu hivi sasa. Mlimani halipandi.

Kwa hiyo, ili kusiwe na mkanganyiko mwingine, tunaomba kutaja kwa utaratibu. Tunaomba mahema 10 ya kupandia mlima, ya watu watatu watatu. Yawe na kifuniko cha pili cha nje kinachoshuka mpaka karibu na ardhi, maana hema la kitambaa kimoja likiguswa na bega kwa ndani linaanza kudondosha. Sakafu iwe ya plastiki nzito iliyopanda ukutani walau shibiri moja. Mishono iwe imezibwa kiwandani, tumeshachoka na mishumaa. Rangi yoyote tutashukuru, ila kama yatakuwa na picha na maandishi ya mfadhili, tunaomba maandishi hayo yasitobolewe kwa sindano.

Proforma kutoka maduka matatu tumeziambatanisha nyuma ya risala hii, na nakala nyingine anayo msaidizi wako, nyingine dereva wako. Klabu haiombi yote kwa mkupuo. Wanachama wameshachanga fedha za mahema 2 kati ya hayo 10, risiti ya benki iko ukurasa wa nne. Hata ukitamka matatu, Mheshimiwa, ambayo yatafika, tutayapokea kwa furaha kuliko kumi na tano yaliyo bandarini.

Kabla hatujamaliza: mvua za vuli ziko karibu, na mwakani Pasaka itaangukia masika tena. Tutapanda.

Kitabu cha ahadi kiko mezani mbele yako, kimefunguliwa ukurasa mpya. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Tunaomba radhi kwa hilo, ile ya mwaka jana iliondoka kwenye msafara. Mweka Hazina amesimama hapo kulia, mwenye fulana ya kijani, na amepewa maelekezo ya kukusindikiza mpaka kwenye gari.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwa niaba ya wanachama,
Katibu wa Klabu