Wamchimbe na mwenye hela

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wanadhani leseni ya kasino ni kama ya duka, unalipa unaondoka, sio hivyo bana. Kule Nevada, Marekani, tangu 1955 kuna bodi inamchimba mwombaji mpaka akaunti za benki, madeni, kesi za zamani na anaoshirikiana nao, na gharama za uchunguzi analipa yeye mwenyewe. Sababu ni mafia, zamani walishika kasino za Las Vegas, mji wa huko huko Nevada, kwa kujificha nyuma ya majina ya wengine. Huku kwetu Tanzania sheria ni ya 2003 na wafanyakazi wa kasino nao wanatakiwa leseni, sawa, ila dila, yule anayegawa karata, akiiba chipsi (vile vidude vya kuchezea badala ya hela, sio zile za mayai) kamera inamuona, mwenye mtaji mchafu nani anamuona?

Msomaji wenu, Kinondoni