Barua kwa mwanangu: ile glasi ya mate

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mguu wa baba yako umepoa, na mdogo wako amevunja tena kioo cha dirisha. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza tu habari ya tumbo lako unasema "mama nitakupigia", halafu kimya.

Picha ya glasi niliiona. Maji masafi, mate yanaelea juu, na nyuzi zinaning'inia kama mizizi ya kitunguu. Chini umeandika: "Mate yakiota mizizi hivi ni fangasi tumboni. Ninao, dozi ni 185,000." Basi kesho yake alfajiri, kabla ya mswaki, nikatema mate kwenye glasi. Nikamwamsha baba yako, naye akatema huku ananung'unika. Mdogo wako alitema bila kuombwa. Glasi tatu mezani, na kabla chai haijaiva zote zimeota mizizi. Sasa ama nyumba nzima tunaumwa, ama mate ya asubuhi yana ute na povu, na ute ukikaa majini hushuka. Kipimo hicho hakimo hospitali yoyote, mama.

Hamira nayo ni aina ya fangasi, na mimi naijua. Miaka 20 naumua unga wa maandazi kabla jogoo hajawika. Huyo aliyekuuzia maneno amekuambia tumbo lako ni beseni la unga: ukila mkate na sukari, linaumuka. Yanaingia akilini, nakubali. Lakini hamira ya maandazi ikizama kwenye mafuta ya moto imekufa, na wala siyo yule fangasi anayeitwa kandida. Kandida anaishi tumboni mwa watu wengi wazima kabisa, na mdomoni, na ukeni pia, ametulia kwa sababu bakteria wa humo wamembana. Kwa hiyo hata majibu ya choo yakirudi yameandikwa "yeast", yaani chembe za fangasi wa jamii ya hamira, zimeonekana, hilo peke yake halitoshi kukuita mgonjwa. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani kampa nafasi ya kuzaliana.

Na hapo nina ugomvi na wewe. Ulipokuja Idi niliona kwenye mkoba wako amoksilini, vidonge vinne vimebaki kwenye karatasi. Ulinunua vya mafua. Mafua ni virusi, dawa ile haivigusi. Inachofanya ni kufagia bakteria wa tumboni, wabaya kwa wazuri, na fangasi anabaki na uwanja mtupu. Ukiharisha kidogo au tumbo likivurugika baada ya dozi kama hiyo, mara nyingi hutulia lenyewe dawa ikiisha. Ila ukiharisha sana, au ukaona damu, au homa, usingoje, nenda hospitali.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa darasa la nne nilikuwa nawashwa sehemu za siri, nikitibiwa napona, mwezi haujaisha muwasho umerudi. Tumbo linajaa, nachoka hata kusukuma chapati. Muuza dawa mmoja akaniambia ni fangasi sugu, wametoka tumboni wameingia kwenye damu. Akaniuzia unga wa majani, chupa hii ya asubuhi, hii ya jioni, na wali marufuku. Nilikaa hivyo miezi saba. Maandazi yangu mwenyewe nikawa nayanusa tu. Nikakonda, majirani wakanisifia! Usiku naamka mara nne kwenda chooni, mdomo mkavu, na bado nahesabu hayo ni fangasi wanatoka.

Nesi wa zahanati ndiye aliyenichoma kidole, asubuhi moja kabla sijanywa chai. Mashine ya kupima sukari ya damu ikasoma 14 (mmol/L). Mtu ambaye hajala tangu usiku, akifika 7 na vipimo vikithibitisha, tayari ana kisukari. Fangasi nilikuwa nao kweli, ila walikuja kwa sababu ya sukari iliyopanda kwenye damu. Nilipoanza vidonge vya kisukari, nikaweka na klotrimazole, dawa ya fangasi, ukeni siku sita, hawajarudi kwa mtindo ule mpaka leo. Muuza dawa, miezi saba ya pesa zangu, hakunishauri hata siku moja nipime sukari. Bado inaniuma nikikumbuka.

Kwa hiyo sikuambii fangasi ni uongo. Wakizidi, huonekana. Mdomoni ni utando mweupe kwenye ulimi na mashavu, ukiufuta pamebaki pekundu. Ukishuka kooni, kumeza chakula kunauma, na hapo ni daktari, na kupima VVU pia, kwa sababu kinga iliyoshuka ndiyo huwafungulia njia hiyo. Ukeni ni muwasho mkali na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando. Uchafu ukinuka kama samaki, huo mara nyingi si fangasi, ni bakteria, na dawa yake ni nyingine. Usijioshe ndani, usiweke kitunguu saumu wala mtindi, hata rafiki yako aape. Na flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, usijinunulie tu kwa sababu ni kidonge kimoja. Inagombana na dawa nyingine, na mjamzito hatakiwi kujimezea.

Kwako wewe ni tumbo kujaa na gesi, huna muwasho, huna utando. Halafu ukasema, kama kitu kidogo tu, kwamba linaanza ukishakunywa chai ya maziwa ya pale kantini. Bibi yako mzaa baba alikuwa hivyo hivyo. Wengi wetu tukishakua tumbo haliwezi tena sukari ya maziwa, inachachia humo humo ndani. Kunywa chai ya rangi wiki mbili uone. Usiache wali, usiache maandazi.

Wakati huohuo nenda upime choo, waangalie vijidudu vya amiba na giardia, na uwaulize kuhusu kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Sukari upime asubuhi kabla ya kula, hilo sikubembelezi, kwa sababu mama yako anayo. Ukianza kupungua kilo bila sababu, au choo kikawa cheusi, nipigie siku hiyohiyo.

Nimekutumia 50,000 kwenye simu. Ni ya vipimo, si ya dozi. Karatasi ya majibu ipige picha yote, juu mpaka chini, siyo kipande. Na hiyo glasi ioshe kwa maji ya moto, mwenzako wa chumbani asije akainywea.

Mama yako