Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Kamera ya Hadubini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutuzindulia kamera. Ni kidude kinachoenea kiganjani, kwa hiyo tumeona tukieleze kabla hujakata utepe.

Kidato cha Pili tuko 64, na hadubini zinazofanya kazi ni tatu. Siku ya kutazama seli za kitunguu tulipanga foleni kama ya bombani. Ukifika unafumba jicho moja, unaona kope zako mwenyewe, nyuma wanakuambia "maliza basi", unaondoka. Kisha ukachore. Wengi wetu tulichora duara lenye ukingo mnene mweusi, tukaandika pembeni: seli. Mwalimu akasahihisha huku anaguna. Angejuaje kila mmoja alichokiona mle ndani?

Baadaye mwalimu alijaribu kuegesha simu yake juu ya lenzi (sisi wanafunzi simu ni marufuku, ieleweke), lakini mkono ukitikisika kidogo tu picha inapotea. Ndipo wenzetu waliohitimu walipochanga wakatuletea kamera hii. Unachomoa lenzi ya juu, ile ya kuwekea jicho, unachomeka kamera mahali pake, waya unakwenda kwenye kompyuta, na projekta inamwaga picha ukutani.

Siku ya kwanza lile duara letu jeusi lilitokea ukutani, kubwa kama sinia. Mwalimu akaligusa kwa rula: "Hiki ni kipovu cha hewa. Kifuniko cha slaidi mmekidondosha badala ya kukilaza kuanzia upande mmoja." Darasa likanyamaza, halafu likaangua kicheko. Tukatengeneza upya slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea kitu cha kutazama, tukadondoshea ayodini, na safari hii tukaona vyumba virefu vimepangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake cha rangi ya chai. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha michoro ya vijumba kama hivyo alivyoviona kwenye gamba la mti, na jina la seli likaanzia kwake. Shida yake ilikuwa kama ya mwalimu wetu: kuwaonyesha wengine kitu alichokiona peke yake.

Hata hivyo, Mheshimiwa, kamera ina hila zake. Tuliweka rula ya plastiki chini ya lenzi ndogo kabisa, na milimita moja ikawa sentimita 60 ukutani. Yaani mara 600, wakati hadubini yenyewe kwa lenzi hiyo inakuza mara 40! Anayeandika "mara 40" chini ya picha ya ukutani anajidanganya, na tulikuwa tukijidanganya hivyo wiki nzima. Viumbe wa maji ya nyasi zilizovunda nao wanaruka ruka ukutani kama picha ya intaneti mbovu, ilhali kwa jicho unawaona wanateleza huku wakijizungusha. Na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ukiisha hakuna kamera. Hadubini yetu kuukuu, yenye kioo cha kuakisi mwanga, inasogezwa tu dirishani kazi ikaendelea.

Kwa hiyo ombi letu huenda likakushangaza: hatuombi kamera ya pili. Hii moja inatutosha kwa kusahihishana. Tunaomba hadubini tano, ikiwezekana zenye vioo vya kuakisi, pamoja na slaidi na vifuniko, maana vifuniko vimebaki 11 na tunaviosha kama vikombe vya msibani. Kwenye mtihani wa vitendo hakuna ukuta wa kutazama. Kila mtu na jicho lake na penseli yake. Tunaomba pia kabati lenye kufuli. Sasa hivi kamera inalala kwenye droo ya mwalimu wa zamu, pamoja na kengele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, slaidi ya maji ya nyasi iko tayari kwenye ile hadubini ya dirishani. Tunakuomba uanze kwa kuinama utazame kwa jicho lako, ndipo tuwashe projekta. Ukiona kitu cheusi kinatikisika pembeni, usishtuke, ni kope.

Tunaomba kuwasilisha.