Barua kwa mwanangu anayepanda Sutherland

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Huku Tanga hatujambo, miguu ya mama yako imetulia kidogo. Shangazi yako ndiye aliyenipasha kuwa Jumatatu unapanda Sutherland, huko Afrika Kusini, kwenye darubini ya kutazama nyota. Nimefurahi, ila habari kama hiyo mzazi hapaswi kuisikia kwa shangazi.

Kinachonikosesha raha ni kusikia mtarudi Cape Town kwa gari asubuhi ileile mtakayomaliza kazi. Mtu aliyekesha hashiki usukani. Laleni kwanza.

Rasimu yako ya kutafuta mabaki ya supanova, yaani nyota zilizolipuka, nimeisoma mara mbili. Nimefundisha fizikia hadi kustaafu, na sikujua kwamba kwenye kesi hii salfa ndiyo shahidi. Mawingu yanayowashwa na nyota changa nayo hutoa ule wekundu wa hidrojeni, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, kwa hiyo wekundu peke yake si ushahidi wa mlipuko. Ila humo salfa nyingi imeshanyang'anywa elektroni mbili. Penye wimbi la mshtuko la nyota iliyolipuka maelfu ya miaka nyuma, gesi iliyopitiwa na wimbi hupoa, na salfa iliyopoteza elektroni moja tu hubaki tele, ikitoa mistari yake miwili ya mwanga, nanomita 671.6 na 673.1. Wanaastronomia Mathewson na Clarke walisaka mabaki ya supanova kwa njia hiyo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, wakatoa matokeo yao mwaka 1973. Umeieleza vizuri kuliko vitabu nilivyofundishia.

Sasa nikugombeze. Kipimo mnachokubaliana ni mwanga wa mistari ya salfa kuzidi 0.4 ya ule wa hidrojeni. Uzi wako wa gesi wa kaskazini una 0.43, na kosa la kipimo umeandika mwenyewe ni 0.05. Halafu chini yake, "tumegundua"! Haraka ya nini? Weka mpasuo wa spektrografu, kile chombo cha kuchambua mwanga, sehemu nyingine za uzi huo, tafuta mwanga wa oksijeni kwenye nanomita 500.7, kisha linganisha na ramani za redio, maana mabaki mengi ya galaksi yetu yalijulikana kwa redio kwanza. Ukikuta vyote vinakubaliana, liandike neno hilo nami nitalisoma kwa sauti msikitini wakiniruhusu.

Vaa sweta mbili, baridi ya Karoo, hiyo nyika kame ya Sutherland, inashuka chini ya sifuri. Na hilo la gari sijalimaliza. Kama mwenye gari analitaka jioni, mlipeni siku moja zaidi, hela nitakutumia. Najua utasema mimi mwenyewe nilikuwa nikisafiri na malori usiku kucha kufuata mshahara. Ndiyo maana nasema.

Pesa uliyotuma tumenunulia bati za jikoni. Fundi anadai misumari imepungua, nami namwangalia tu. Mdogo wako anataka simu mpya, nimemwambia tusubiri matokeo.

Ukiamka, nitumie ujumbe kabla hamjawasha gari. Wa kufika utanitumia baadaye.

Baba yako