Mmefikia, Bado Hamjahamia: Barua kwa Familia Changa za Dodoma

Wanangu,

Mbukwenyi. Naanza kwa salamu ya wenyeji makusudi. Wengi wenu mna mwaka wa pili au wa tatu hapa, na mkisalimiwa hivyo sokoni bado mnatazama pembeni kama vile anasalimiwa mtu mwingine. Mbukwa kwa mtu mmoja, mbukwenyi kwa wengi. Ni neno moja tu, na hata hilo hamjalichukua.

Wiki iliyopita, katika mtaa mmoja wa pembezoni, mtoto wa miaka miwili alishikwa na degedege saa nane usiku. Baba alikuwa Dar es Salaam. Mama alikuwa na miezi kumi na minne katika nyumba ile, na hakujua jina la jirani hata mmoja, wala hakuwa na namba ya dereva wa bajaji. Akambeba mtoto, akatembea gizani hadi barabara kubwa kutafuta usafiri. Njiani alipita mlango wa muuguzi mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtoto amepona, Mungu ashukuriwe. Yule mama simlaumu hata kidogo. Ila hasira niliyonayo ndiyo inayoniandikisha barua hii, na mtanivumilia.

Kiswahili kinatofautisha kufikia na kuhamia. Mgeni hufikia kwa mtu, akala, akalala, mzigo wake ukakaa karibu na mlango. Anayehamia hupangua mzigo. Ninyi mmefikia Dodoma. Nimeingia katika nyumba zenu na nimeona: maboksi bado yana gundi chini ya kitanda, pazia ni kanga iliyoning'inizwa kwa misumari miwili, fundi nguo yuko Dar, daktari wa mtoto yuko Dar, michango ya harusi na misiba yote ni ya Dar. Ijumaa saa tisa mchana mabegi yako mgongoni. Mtoto wa miaka minne akiulizwa kwao ni wapi, anataja mtaa wa Dar alioondoka akiwa hajaota meno.

Tupige hesabu. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Mara nne kwa mwezi ni 248,000, na huyo ni mtu mmoja, bado hujalipa bajaji ya stesheni wala chakula. Ukifanya hivyo miezi kumi umetumia 2,480,000. Halafu mnaniambia hamna fedha ya tangi la maji. Sikatazi kwenda kuwaona wazazi. Nendeni mara moja, na mwezi unaofuata waleteni wao huku, walale kwenye nyumba yenu, wacheze na wajukuu.

Na hapa niwageukie wakubwa kidogo, maana kosa si la vijana peke yao. Uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma ulitolewa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma hii ya mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu wamekuja. Lakini mume anapangiwa ofisi Mtumba, kwenye mji wa serikali, na mke anabaki mkoa mwingine akisubiri barua ya kumfuata mwenza wake, na barua inakaa mezani kwa mtu hadi mtoto anaanza shule. Viwanja vinapimwa vizuri, kisha eneo la wazi la watoto kuchezea linazungushiwa ukuta usiku. Kila nyumba geti la chuma na ukuta wa futi nane. Watoto hao watajuana wapi?

Basi, jambo lenyewe ninalotaka mlifanye. Ndani ya siku saba za kwanza nendeni ofisi ya serikali ya mtaa. Nendeni wote, baba, mama na mtoto. Bebeni kitambulisho cha taifa au namba yake, mkataba wa pango, na barua ya utambulisho ya mtaa mliotoka kama mnayo. Mwandikwe kwenye daftari la wakazi, mpate namba ya simu ya mwenyekiti na ya mtendaji, muulize mjumbe wenu ni nani. Kosa mnalolifanya ni kwenda siku mnayotaka barua ya benki au ya pasipoti. Siku hiyo mwenyekiti anawaambia hawajui, mnamwita mkorofi. Hakosei, kweli hawajui!

Kisha majirani. Nyumba nne: kulia, kushoto, mbele na nyuma. Ongezeni ya tano, duka la karibu, kwa kuwa muuza duka ndiye anayejua nani kaugua na nani kasafiri. Nendeni Jumamosi saa nne asubuhi au saa kumi na moja jioni, si wakati wa magharibi watu wanapoandaa chakula na kuogesha watoto. Hakuna haja ya zawadi. Kama kuna mzee, kilo ya sukari inatosha. Jitambulisheni, kisha ulizeni mambo matatu: maji hutoka siku gani, nani ana chombo cha usafiri usiku, mtoto akizidiwa hukimbizwa wapi. Majibu yaandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mbandike nyuma ya mlango: majirani wawili, madereva wawili wa bajaji, mwenyekiti, kituo cha afya. Simu huzima chaji. Karatasi ipo, na dada wa kazi anaisoma.

Msiba wa kwanza utakaotokea mtaani, nendeni. Kutuma elfu tano kwa simu si kwenda msibani. Kaa mkekani nusu saa, beba ndoo mbili za maji, saidia kupanga viti. Siku hiyo utajulikana na mtaa mzima kuliko kwa miaka mitano ya kupiga honi getini.

Upande wa hospitali, msisubiri ugonjwa ndipo mjifunze njia. Usiku mmoja mkiwa wazima, pigeni safari ya majaribio kutoka nyumbani hadi Kituo cha Afya Makole au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, au Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa wanaokaa upande wa Chuo Kikuu. Pimeni dakika. Tazameni geti la dharura liko wapi. Mjamzito au mwenye mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 hupigwa bure. Na degedege: mlaze mtoto ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, tazama saa, kisha hospitali bila kupitia kwa mtu wa kumfukiza majani.

Kadi ya kliniki isafiri kwenye mkoba wa mama, kamwe isipakiwe kwenye boksi la lori. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 watu huzikumbuka. Ya surua na rubela ya miezi 9 pia. Inayopotea wakati wa kuhama ni ile ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, kwa sababu mtoto anakimbia, anaonekana mzima, na kliniki ya zamani iko mbali. Kliniki yoyote ya serikali itampokea. Fungueni kadi leo mtazame.

Sasa maji, maana hapa ndipo ndoa nyingi changa za Dodoma zinagombana. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, na mitaa mingi hupata kwa zamu. Familia ya watu wanne wanaotumia kwa adabu humaliza lita 160 hadi 200 kwa siku. Tangi la lita 1,000 litawafikisha siku tano, la 2,000 siku kumi. Kwa hiyo ulizeni kwanza zamu ya mtaa wenu ni ya siku ngapi, kisha nunueni tangi linalovuka zamu hiyo kwa siku mbili. Madumu mawili na boza la dharura kila wiki ni gharama kubwa kuliko tangi.

Lita 2,000 ni tani mbili. Nimeona matangi yaliyokaa juu ya mbao zenye nafasi katikati. Kitako kinabonyea, kinachanika pembeni mwa sehemu ya kutokea maji, na fundi anasingizia kiwanda. Kitako chote kikae juu ya zege bapa. Mnara ujengwe hadi kitako cha tangi kiwe mita mbili au zaidi juu ya bomba la kuogea, la sivyo maji yatadondoka tu. Wekeni koki ya boya ili yasifurike usiku, na koki ya kufungia chini ya tangi ili muweze kutengeneza bafu bila kumwaga maji yote. Mfuniko ufungwe kwa skrubu, mbu na njiwa wasiingie. Kila baada ya miezi mitatu au minne liosheni, mchanga na tope hutulia chini.

Maji yenyewe ni magumu, yana chumvichumvi. Sabuni haitoi povu haraka, na birika la umeme hujenga gamba jeupe hadi linaungua. Mara moja kwa mwezi chemsheni humo siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, acheni saa moja, suuzeni. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, kwa hiyo msimchemshie mtoto mara tatu mkidhani yatakuwa matamu.

Mengine nayataja kwa ufupi. Mtoto wa shule ya msingi ahamishwe pamoja na namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Bila hiyo atakaa darasani kama mgeni hadi mtihani. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, elewaneni na mwenye nyumba kabla ya kusaini. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari: Juni na Julai usiku ni baridi kweli, mtoto wa Dar anahitaji sweta na soksi. Kuanzia Agosti upepo huleta vumbi. Mwenye pumu asikae na madirisha wazi mchana, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu.

Kiwanja msinunue mwaka wa kwanza. Korongo lililokauka miezi minane huwa mto Januari, na dalali atawaonesha Septemba. Kaeni msimu mmoja wa mvua, tazameni maji yanapita wapi. Baada ya hapo, namba ya kiwanja na kitalu ipelekwe Halmashauri ya Jiji ikahakikiwe, mpima awaoneshe bikoni zote, yaani alama za mipaka, na malipo ya serikali yafanyike kwa kontrol namba tu.

Mji huu mtaujua kwa miguu. Jumamosi ya kwanza acheni gari, pandeni daladala hadi Soko la Majengo. Nunueni unga wa uwele, choroko, ubuyu, mlenda uliokaushwa, na muulizeni muuzaji mwenyewe unavyopikwa. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Msimu ukifika nunueni kwa kilo kwa mkulima, si vichane vya barabarani vilivyochomwa na jua. Alasiri pelekeni watoto Nyerere Square au Chinangali. Mlima Simba upandwe asubuhi mapema kabla mawe hayajapata moto. Mkizoea, nendeni Kolo, kupita Kondoa, kama kilomita 180 za lami, mkaone michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, ripotini ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpewe mwongozaji, vaeni viatu vya kufunga kwa sababu mwisho ni kupanda mlima, na maji yawe lita mbili kwa kila mtu mzima.

Na nikemee jambo moja. Ile mizaha yenu ya kumwita Mgogo ombaomba, mnaisema mbele ya watoto, katika ardhi yao, mkila zabibu zao. Watu hawa wameishi karne nyingi kwa mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, wakijua mboga ipi ya porini huota lini na ng'ombe apelekwe wapi kiangazi. Acheni. Mwiteni jirani Mgogo aje awaoneshe, na mtoto wenu aisikie ngoma ya muheme kwa wenyewe.

La mwisho ni mti. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Shimo lichimbwe Oktoba, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Mche upandwe baada ya mvua ya pili nzito: mwarobaini kwa kivuli, mpera au mkomamanga kwa watoto. Zungushieni miiba, mbuzi wa Dodoma hawana simile. Nyunyizeni majivu kuzunguka shina kwa ajili ya mchwa. Mvua ikikoma, lita kumi mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi jioni, maji yaliyosuuzia mboga yanafaa. Jumamosi nimeitaja kwa makusudi. Mpeni mtoto mwenye miaka minne kopo lake, amwagilie mwenyewe.

Bibi yenu wa mtaani,
Dodoma