Risala ya Kikundi cha Wafugaji na Wachinjaji wa Kuku kwa Mgeni Rasmi, Jijini Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ofisa Mifugo wa Kata, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, masheikh na wachungaji, wazee wetu, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kwetu. Umefika kabla ya saa tuliyoandika kwenye barua. Wageni rasmi hawajatuzoesha hivyo, na kwa kweli umetupa moyo.

Kikundi chetu kilianza na kina mama wachache wenye kuku wa kienyeji, wakichangishana kwenye kikoba. Leo tuna wafugaji wa kuku wa nyama na wa mayai, tuna wachinjaji, tuna vijana wanaopeleka mzigo mpaka Soko la Mgandini. Mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri tuliupata na tumeurejesha wote. Mashine yetu ya kunyonyoa manyoya ndiyo ya kwanza katika kata hii. Hakuna harusi wala maulidi hapa kwetu ambayo pilau yake haijapita mikononi mwa wanakikundi hawa. Mafanikio mengine ni mengi, lakini muda ni wako, tuingie kwenye lililotusumbua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: jokofu la chanjo linalotumia umeme wa jua.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alilisikia akasema, "Hilo nimelichukua." Tulipiga vigelegele. Aliyemfuatia naye alilichukua. Kwa kuamini kauli za viongozi wetu tulichanga, tukajenga chumba, tukapiga sakafu, tukatengeneza meza ya zege ya kuliweka jokofu, na kijana wetu akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: CHUMBA CHA CHANJO. Chumba hicho kiko nyuma ya jukwaa hili. Tunakuomba ukifungue kabla hujaondoka. Ndani utakuta magunia ya pumba.

Pengine waliotangulia waliona ni jambo la kuku tu, na kuku wanaweza kusubiri. Turuhusu, Mheshimiwa, tueleze kwa nini ni jambo la watu.

Chanjo nyingi za kuku ni za kurudia. Ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ya Gumboro, ugonjwa unaoua kuku wachanga, vifaranga hupewa, kisha hurudishiwa baada ya wiki moja au mbili. Dozi ya kwanza peke yake haimfikishi kuku mbali. Sasa, chupa moja ina dozi mia kadhaa, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo. Mama mwenye vifaranga sitini hawezi kuinunua peke yake, kwa hiyo tunanunua pamoja. Bila jokofu, chupa ikinunuliwa mjini ni lazima itumike leo. Ambaye vifaranga vyake vinafikisha umri wiki ijayo, huyo imempita. Vijana wetu huileta kwa bodaboda ndani ya ndoo ya rangi, wakiwa wameizungushia barafu za ukwaju za kununua njiani na kuifunika kwa gazeti. Mara nyingi ndoo inafunguliwa huku barafu zimekuwa maji mekundu, na hapo hakuna mwenye hakika anachanja dawa au anachanja maji. Matokeo yake dozi ya kwanza tunatoa, ya marudio tunaikosa, na mdondo unatupitia kila mwaka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kuku mwenye mafua makali ya ndege hufa ghafla, wakati mwingine amevimba kichwa, upanga umekuwa wa bluu, wenzake wanamfuata. Mdondo nao huua hivyo hivyo. Mahali ambapo mdondo ni wa kila mwaka, banda zima likifa watu husema "kideri hicho," wanachinja wanaopumua, wanauza, na hakuna anayepiga simu. Lakini kuku wetu wakipata marudio kwa wakati, siku banda litakapokufa tutajua kuna kitu kingine, na Ofisa Mifugo atapata taarifa siku hiyo hiyo. Maabara ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iko hapa hapa Tanga. Kinachokosekana ni sampuli kutoka kwetu.

Wala hatutishani. Kuanzia mwezi wa tisa, maji yakikupwa, matope ya pwani yetu hujaa vitwitwi na ndege wengine waliotoka Ulaya na Asia, na bata wetu wa kufugwa hushuka hapo hapo kutafuta chakula. Januari 2017 virusi vya mafua ya ndege vya aina ya H5N8 vilikutwa kwa jirani zetu Uganda, kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege pori na kwa kuku na bata wa kufugwa. Ndugu yake, H5N1, aliingia kwa binadamu Hong Kong mwaka 1997: watu 18 waliugua, 6 wakafa. Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha wagonjwa zaidi ya 900, na karibu nusu yao wamefariki. Bado virusi hivi haviambukizi kirahisi kutoka mtu hadi mtu. Dunia inajiandaa kwa siku vitakapoweza.

Wenzetu wameshaanza. Mwaka 2024 Finland ilianza kuwachanja dhidi ya mafua ya ndege watu wanaoshika ndege na wanyama, dozi mbili, kabla hata ya mgonjwa mmoja kupatikana kwao. Na wataalamu wameona kuwa mtu aliyechanjwa miaka ya nyuma, akipewa dozi moja ya nyongeza, kinga yake huamka haraka, hata kama kirusi kimebadilika kiasi. Maana yake, maandalizi yanafanyika mapema. Hatuombi sindano hiyo leo. Tunaomba wachinjaji na wanyonyoaji, wanaoshinda mikono imelowa damu, waandikwe kwenye orodha ya mwanzo siku itakapokuja. Nayo itataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda, ikae mpaka dozi ya pili. Jokofu letu litakuwa la chanjo ya kuku. Lakini Mganga Mfawidhi yuko hapa, naye anajua kata iliyozoea kutunza baridi, kupima joto asubuhi na jioni na kuandika daftari la marudio haitaanza moja siku ya dharura.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mlinzi tunaye, daftari tunalo, na wanakikundi wawili wako tayari kwenda kujifunza kusoma kipimajoto. Paa lina nafasi ya sola. Katibu ameandaa karatasi moja yenye mistari miwili mitupu: mmoja wa tarehe, mwingine wa jina la mtumishi atakayelifuatilia jambo hili. Kwa heshima kubwa, tunaomba usiondoke kabla haijajazwa.

Tunaomba kuwasilisha.